Mdomo kwa Sikio: Kuhamisha Mafaili kwa Waya kutoka Kompyuta Kuukuu



Mezani hapa nimeweka nyaya tatu. Wa kwanza ni wa kijivu, mnene, na kila ncha yake ina kichwa cha matundu 9 na skrubu mbili za kukazia. Wa pili ni wa buluu, ule ambao mafundi wa mtandao huukata kwa urefu wautakao kisha wakabana vichwa vya plastiki. Wa tatu haufiki hata urefu wa mkono: ncha moja ni ya USB, nyingine ni mdomo mpana wa kupokea diski iliyotolewa tumboni mwa kompyuta. Nitakaa sana na ule wa kijivu, ingawa wengi wenu hamjawahi kuushika, kwa sababu aliyeuelewa huo hahangaiki na mingine.

Lakini kwanza niseme kilichonifanya niijali kazi hii.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo. Walikuwa wamenunua kompyuta mpya. Karani wao, kijana mwangalifu na mwaminifu, alichomeka flashi kwenye ile kuukuu, akachagua kila kilichoonekana kwenye uso wa skrini, akanakili, akapeleka kwenye mpya. Majina yote yalitokea kama yalivyokuwa: Hisa, Akiba, Mikopo, Wanachama. Basi ile kuukuu ikafutwa, ikawekewa mfumo upya, ikagawiwa shule ya jirani. Siku ya kazi ilipofika akabofya Hisa, na kompyuta ikamjibu kwamba faili hilo halipo. Alichokuwa amenakili ni njia za mkato tu, vialama vya kilobaiti moja au mbili vinavyosema "kitu chako kiko kule". Daftari lenyewe lilikuwa limelala kwenye folda nyingine kabisa, ndani ya diski ambayo sasa ilikuwa imeandikwa juu yake masomo ya watoto.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Pale mali ilikuwepo benki, senti kwa senti. Ila hakuna aliyeweza kusema ipi ni ya nani.

Nililifikiria tukio lile kwa muda mrefu, na kosa la kijana sikuliona katika kuchanganya vialama na mafaili, maana hilo humpata mtu yeyote. Nililiona katika jambo lililotangulia: wakati wa kuhama, kompyuta zile mbili hazikuwahi kukaa meza moja zikiwa zinawaka. Flashi ilitoka huku ikaenda kule kama mjumbe, na mjumbe yule hakuulizwa swali na upande wowote. Laiti zingeunganishwa kwa waya, karani angezitazama zote mbili kwa wakati mmoja, akaona huku faili la megabaiti 40 na kule la kilobaiti 2, akashtuka palepale. Hilo ndilo ninalokuja kuwaomba leo. Msihame kwa mjumbe ikiwa wenyewe wawili bado wanaweza kukaa wakazungumza.

Sasa tuushike waya wa kijivu.

Kanuni zake ziliwekwa Marekani mwaka 1960, zikaitwa RS-232. Haukukusudiwa kuunganisha kompyuta na kompyuta. Ulikusudiwa kuunganisha mashine na modemu, kile chombo kinachopeleka habari kupitia laini ya simu. Kwa hiyo kila kompyuta iliyotengenezwa ikiwa na tundu hili iliamini kwamba upande wa pili kuna modemu. Katika kichwa cha pini 9, kompyuta husemea kwenye pini ya 3 na husikilizia kwenye pini ya 2. Pini ya 5 ni ya pamoja, ndiyo inayozipa pande zote mbili kiwango kimoja cha kupimia umeme.

Chukua basi waya wa kawaida, ulionyooka, uunganishe kompyuta mbili. Pini ya 3 inakutana na pini ya 3: mdomo kwa mdomo. Pini ya 2 inakutana na pini ya 2: sikio kwa sikio. Zote mbili zitasema, na hakuna itakayosikia. Dawa yake ni kuzikatisha nyuzi njiani, ya 2 iende kwenye 3, ya 3 iende kwenye 2, na ya 5 ibaki na mwenzake. Nyuzi 3 tu zinatosha. Fundi mwenye pasi ya risasi na vichwa viwili alitengeneza waya kama huu kwa muda wa kunywa chai, na wapo waliohamisha ofisi nzima kwa waya wa namna hiyo.

Kasi yake? Kwenye kompyuta za kawaida haikuzidi biti 115,200 kwa sekunde. Kila baiti ya biti 8 hutanguliwa na biti ya kusema "naanza" na kufuatwa na ya kusema "nimemaliza", ndiyo kusema biti 10 kwa baiti moja, yaani baiti 11,520 kila sekunde. Diski laini ya megabaiti 1.44 ilichukua dakika 2 na kidogo. Gigabaiti moja ingechukua siku nzima, mchana na usiku, lakini siku hizo nani alikuwa na gigabaiti?

Kasi, hata hivyo, haikuwa tatizo kubwa. Tatizo kubwa lilikuwa uhakika. Waya huokota kelele. Taa ya mrija ikiwashwa, mota ikianza kuzunguka, biti moja inageuka njiani, na 3 inakuwa 7 katika salio la mtu. Waya peke yake haujui kama ulichobeba kimeharibika. Ikabidi watu watunge mapatano ya mazungumzo, kile tunachokiita itifaki. Mwaka 1977, Ward Christensen wa Chicago aliandika programu iliyokata faili vipande vya baiti 128. Kila kipande kilifungwa na jumla ya baiti zake. Upande wa pili ulijumlisha upya. Jumla zikiafikiana ulijibu "nimepata", zisipoafikiana ulijibu "rudia". Mapatano hayo yakajulikana kwa jina la XMODEM.

Miaka 4 baadaye, mwaka 1981, Frank da Cruz na Bill Catchings wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walikabiliwa na jambo gumu zaidi. Wanafunzi wao walifanya kazi kwenye kompyuta kubwa za chuo, na nafasi ya kuhifadhi humo ilikuwa finyu. Wakataka kila mwanafunzi aweze kuchukua mafaili yake kwenye diski laini, kwa kupitia kompyuta ndogo. Lakini mashine zile hazikufanana kwa lolote. Nyingine zilikuwa na namna yake ya kuandika herufi. Nyingine hazikuweza kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja. Nyingine, zikipokea alama fulani zisizochapika, zilidhani zimepewa amri, zikakata mazungumzo. Da Cruz na Catchings hawakujaribu kuzibadili mashine. Walitunga lugha ya unyenyekevu ambayo hata mashine dhaifu kuliko zote ingeiweza: vifungu vifupi, visivyofika herufi 100, kila kimoja na namba yake na jumla yake ya kuhakiki, na kila alama ya hatari ikigeuzwa kuwa herufi ya kawaida kabla ya kusafiri. Ukituma, unangoja. Ukijibiwa, unaendelea. Usipojibiwa, unatuma tena. Wakaipa jina Kermit, la yule chura wa vikaragosi wa televisheni ya Marekani, wakaigawa kwa kila aliyeitaka, nayo ikaandikwa upya kwa mamia ya aina za kompyuta.

Kwangu mimi hiyo ni kazi ya heshima kubwa kuliko kompyuta nyingi zilizosifiwa magazetini. Anayetunga lugha ya pamoja kwa kuanzia na uwezo wa aliye dhaifu hamwachi mtu nyuma.

Katika miaka ya 1980 waya huu ulipata kazi mpya. Kompyuta za mezani zilikuwa zikisoma diski laini za inchi 5.25, na kompyuta mpakato zilipoingia zikaja na tundu la diski za inchi 3.5. Diski ya huku haikuingia kule. Programu kama LapLink zikauzwa pamoja na waya wake ndani ya boksi. Watu wakagundua pia tundu la printa, ambalo lilikwenda haraka zaidi kwa kupitisha biti 4 kwa mpigo badala ya moja moja. Kisha mwaka 1993, MS-DOS 6 ikaja na programu mbili za kazi hiyo bila malipo ya ziada, Intersvr kwa upande unaotoa na Interlnk kwa upande unaopokea.

Hapa kuna kitu ninachopenda kuwaonyesha wanafunzi wangu. Programu ya kuhamishia mafaili lazima iwe kwenye kompyuta zote mbili. Ikiwa kompyuta ya pili haina diski inayofanana, programu yenyewe utaifikishaje? Ni kama kumtumia barua mtu asiyejua kusoma, barua yenyewe ikiwa ya kumfundisha kusoma. Intersvr ililitatua hivi. Kwenye kompyuta isiyo na programu uliandika amri mbili tu kwa mkono. Ya kwanza iliweka kasi ya tundu. Ya pili, CTTY COM1, iliiambia kompyuta: kuanzia sasa usichukue amri kwenye kibodi, chukua kwenye waya. Hapo upande wa pili ulianza kuiandikia, herufi kwa herufi, mpaka programu nzima ikawa imezaliwa upande ule. Nilipoliona jambo hilo mara ya kwanza niliondoa mikono yangu kwenye kibodi, nikakaa kutazama.

Juu ya USB sitasema mengi, ila onyo moja ni la lazima. Dukani utaona waya wa USB wenye vichwa vipana vya aina moja pande zote mbili, na mtu atakuambia unaunganisha kompyuta na kompyuta. Usiuchomeke. USB ya kawaida ina mwenyeji na mgeni. Kompyuta ni mwenyeji, nayo ndiyo inayotoa umeme wa volti 5. Ukiunganisha kompyuta mbili moja kwa moja, unakutanisha wenyeji wawili wasio na mgeni, na umeme wa huyu unasukumana na umeme wa yule. Hupati mafaili, na unaweza kuunguza bodi. Upo waya wa USB wa kazi hii, una uvimbe katikati, na ndani ya uvimbe kuna chipu inayojifanya mgeni kwa pande zote mbili. Huo ni salama. Usio na uvimbe, uache.

Waya wa buluu ndio ninaoupendekeza kwa ofisi nyingi za hapa kwetu. Karibu kila kompyuta ya mezani ya miaka 20 iliyopita ina tundu lake, na bei yake haimshindi mtu. Nao hufuata kanuni ileile ya mdomo na sikio: katika kadi za zamani, kompyuta husemea kwenye pini 1 na 2 na kusikilizia kwenye 3 na 6. Ndiyo maana mafundi walibana ncha moja kwa mpangilio mmoja wa rangi na ncha ya pili kwa mpangilio mwingine, rangi ya chungwa na ya kijani zikibadilishana mahali. Kadi za kasi ya gigabiti huhisi zenyewe nani anasema wapi, kwa hiyo ikiwa hata moja kati ya kompyuta zako mbili ni ya karibuni, waya wowote utafaa.

Ukishachomeka, zipe anwani. Kuukuu iwe 192.168.1.1, mpya iwe 192.168.1.2, na kinyago cha mtandao (subnet mask) cha zote kiwe 255.255.255.0. Zima intaneti ya pande zote mbili. Hapa hamhitaji bando, hamhitaji kampuni ya simu, hamhitaji kompyuta ya mtu yeyote katikati. Fanyeni hesabu nami. Gigabaiti 100 za picha na nyaraka, zikipandishwa intaneti kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, zitachukua saa 44 na zaidi, na hapo hujazishusha upande wa pili. Kwa waya huu, hata kadi ya zamani ya megabiti 100 itamaliza kwa saa 2 na nusu. Kwa kadi ya gigabiti ingetosha robo saa, ingawa mara nyingi diski kuukuu yenyewe ndiyo itakayokuchelewesha.

Kuna kizingiti kimoja ambacho kimewakatisha tamaa mafundi wengi wazuri, nacho ni Windows XP. Unaunganisha vizuri, anwani ni sahihi, kompyuta zinaitikiana, lakini mpya inakataa kufungua folda za kuukuu. Watu hubadilisha waya, hubadilisha kadi, hulaumu bodi. Waya hauna kosa. XP inajua toleo la kwanza tu la itifaki ya kushirikishana mafaili, SMB. Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilipita kwenye udhaifu wa toleo hilo, ikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Kuanzia Oktoba mwaka huohuo, toleo la kwanza lilianza kuondolewa katika Windows 10 mpya. Kwa hiyo kompyuta mpya haijaharibika, imekataa kuzungumza lugha iliyoleta maafa, na ina haki.

Njia ni mbili. Unaweza kuiruhusu lugha ile kwa muda, intaneti ikiwa imezimwa pande zote, ukahamisha, kisha ukaifunga tena kabla hujafanya jambo lingine lolote. Mimi huchagua njia ya pili: kwenye kompyuta mpya naweka programu ndogo ya seva ya FTP, itifaki ya kuhamishia mafaili, na kwa kuwa XP ina FTP ndani yake tangu ilipotoka, ile kuukuu inatuma mafaili yake bila kubadilishwa chochote. FTP ni ya zamani kuliko XP na bado inaeleweka na pande zote. Fikra ya watu wa Columbia ni ileile: itafute lugha ambayo mzee na kijana wote wanaijua.

Waya wa tatu ni wa siku mbaya, siku kompyuta kuukuu imekataa kuwaka. Hapo unatoa diski yake na kuichomeka kwenye mpya. Nina mawili tu ya kusema. Ukisikia diski inagonga, tik, tik, tik, zima mara moja na usijaribu mara ya pili. Kila jaribio linakwangua kilichobaki. Na kama diski ilifungwa kwa BitLocker, utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo hutafutwa kompyuta ikiwa bado nzima, ukaandikwa kwenye karatasi na kuwekwa kabatini.

Sasa nirudi kwa kijana wangu wa chama cha akiba, maana hata waya bora haumkingi mtu asiyejua anachohamisha. Kabla ya kunakili, muulize mwenye kompyuta: unafanya kazi gani humu kila siku? Kisha ifungue kila programu mbele yake na uitafute inakohifadhi. Programu za uhasibu mara nyingi huweka daftari lao kwenye folda ya programu yenyewe, wala si kwenye nyaraka. Barua pepe za Outlook zinaweza kuwa kwenye folda iliyofichwa, nawe huioni mpaka uamuru vilivyofichwa vionekane. Programu zenyewe hazihami kwa kunakiliwa. Huwekwa upya, kisha zikapewa daftari lao.

Umeme nao tuuzingatie. Ukikatika katikati ya kunakili, usianze kuhisi wapi uliishia. Amri ya robocopy iliyomo ndani ya Windows za baada ya XP, na rsync kwa wanaotumia Linux, hulinganisha pande mbili na kuendelea na kilichobaki. Kompyuta mpakato iwe na chaji kamili, ya mezani iwe kwenye UPS.

Ukimaliza, hesabu. Idadi ya mafaili huku na kule. Jumla ya baiti huku na kule, si megabaiti, maana megabaiti hukadiria. Kwa yale yasiyoweza kupatikana tena, piga hatua moja zaidi: amri ya certutil, ukiitaka ikokotoe SHA256, husoma faili zima na kutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64. XP haikuja na amri hiyo, kwa hiyo ipelekee programu ndogo ya kukokotoa hesabu ileile. Ikigeuka biti moja tu katika faili la gigabaiti kadhaa, mfuatano ule hubadilika karibu wote. Ikokotoe pande zote mbili na uilinganishe. Ni kazi ileile ya Christensen, "nimepata" au "rudia", isipokuwa sasa anayejibu ni wewe.

Halafu usiifute ile kuukuu. Iache kabatini mwezi mmoja wa kazi, mpaka mishahara ipite, hesabu zifungwe, na kila mtu awe amekitafuta chake akakipata.

Mtaniuliza chama kile kiliishaje. Daftari lilijengwa upya kwa vitabu vya wanachama, vile vijitabu vya karatasi walivyogongewa muhuri kila walipoweka fedha. Tangazo lilibandikwa sokoni na kwenye nyumba za ibada. Wakaja, wengine wamevifunga ndani ya kanga, wengine wamevitunza chini ya godoro. Nilikaa na yule karani wiki tatu, yeye akisoma, mimi nikiandika. Mama mmoja muuza samaki alileta kitabu kilicholowa mpaka wino ukawa umechanganyika. Tukakikausha ukurasa kwa ukurasa mbele ya feni, na salio lake tukalipata. Wapo ambao vitabu vyao havikuwepo tena. Tuliwaandika kwa maneno yao, na mbele ya kila jina karani akaweka alama ya penseli.

Kule nyuma ya ukumbi kuna kompyuta mbili, moja ya XP na moja ya mwaka jana, na zote zinawaka. Sijaziunganisha. Vichwa vya waya na koleo la kubania viko kwenye sahani ile ya bati. Naomba aje kwanza yule ambaye hajawahi kubana hata waya mmoja.